UZI: Prince of Persia na magemu ya zamani ya kompyuta. Utamu wake unatoka wapi hasa?

Pwani386 (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu baba, nikakuta flopi sita, zile diski za zamani za kuhifadhia programu, zimefungwa pamoja kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Moja ina mwandiko wake wa kalamu ya wino: PRINCE. Sina tena mashine ya kuisomea, lakini usiku uleule nikalitafuta lile gemu, nikaliweka kwenye laptop, na adhana ya alfajiri ikanikuta nimekaa palepale. Magemu ya kisasa ninayo, nimeyanunua kwa fedha nzuri na ninayapenda. Mwaka huu hakuna hata moja lililonikesha. Nimejiuliza sana kwa nini, nikaona nilete uzi tulichambue.

Kwa wadogo zetu ambao hawakulikuta: Prince of Persia lilitoka 1989. Alilitengeneza Mmarekani anaitwa Jordan Mechner, karibu peke yake, kwenye kompyuta ya Apple II. Baadaye likahamishiwa kwenye mashine za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na wengi wetu tulilikuta huko. Hadithi ni fupi. Sultani yuko vitani, waziri wake Jaffar anataka kumwoa binti mfalme kwa lazima, anampa saa moja: akubali au afe. Wewe ni kijana anayempenda binti, umetupwa gerezani chini ya ngome, huna hata kisu. Una dakika 60, na ni dakika za kweli, za saa ya ukutani.

Ukifa unaanza upya hatua uliyofikia. Kufa unaweza kufa mara mia, hakuna anayekuhesabia roho. Saa ndiyo hairudi nyuma. Kila ukianguka kwenye miiba, umepoteza muda wa binti aliyeko juu mnarani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja nilipolielewa hilo, nikaanza kutembea kwa heshima.

Halafu yule kijana ana mwili. Mwaka 1985 Mechner alimvika mdogo wake, David, nguo nyeupe, akampiga video anakimbia, anaruka, anadandia ukuta, kisha akazichora zile picha moja baada ya nyingine kuziingiza kwenye kompyuta. Ndiyo maana ukiachia kitufe wakati anakimbia hasimami hapohapo, anamalizia hatua. Akiruka anajikunja kwanza. Akianguka ghorofa moja anachutama na kuinuka, mbili anaumia, tatu anakufa, na sheria hiyo haibadiliki tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukishika Shift anakwenda kwa kunyata mpaka ukingoni kabisa, na ukingoni ndipo pa kurukia. Baada ya siku chache vidole vinajua umbali kuliko macho.

Sisi wa Tanzania Bara tulichelewa. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hata zuio lilipolegezwa, mashine zilikuwa za maofisini. Mimi gemu la 1989 nililiona 1997, kwenye kompyuta ya 486 iliyotolewa kazini kwa baba ilipochakaa. Kwetu lilikuwa jipya kabisa. Hakuna aliyetuambia ni la zamani.

Sasa hoja yangu. Ninaamini utamu wa magemu haya unatokana na uhaba. Mashine ilikuwa finyu, kwa hiyo kila kitu kilichowekwa mle kilibidi kiwe na kazi. Mfano ninaoupenda kuliko yote: Mechner alikuwa akitengeneza gemu lisilo na mapigano, na mwenzake kazini akawa anamsisitiza kwamba limepoa, linahitaji adui. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa. Picha za adui angeziweka wapi? Akachukua picha zilezile za kijana, akazisogeza kidogo na kuzilinganisha na zenyewe nukta kwa nukta: palipofanana pakazimika, palipotofautiana pakawaka. Likatokea umbo linalong'aa, lenye mwendo uleule wa kijana. Ndipo akazaliwa Mtu wa Kivuli. Baadaye alibanabana programu hapa na pale mpaka walinzi nao wakapata nafasi, lakini moyo wa gemu lile ni kivuli, nacho kilitokana na kukosa nafasi. Sitasema kinafanya nini, wapo ambao hawajacheza.

Karibuni. Leteni gemu lenu na mseme linawashika wapi.

mzee_wa_flopi

Mkuu pole kwa msiba wa mzee, na asante kwa bandiko.

Mimi nakumbuka chumba cha chupa. Ukimaliza hatua ya kwanza unaingia chumba chenye chupa zimepangwa, juu ya kila chupa herufi. Chini linatokea agizo: kunywa chupa yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kitabu cha maelekezo. Ilikuwa njia ya kuwazuia walionakili. Sasa sisi chuoni kitabu hatukuwa nacho, tulikuwa na flopi ya kunakili kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu. Ukinywa zisizo zake, umekufa.

Tulichofanya, tulifungua daftari. Kila mtu aliyebahatisha herufi sahihi aliandika: ukurasa huu, mstari huu, neno la ngapi, herufi hii. Lilikaa juu ya mashine, limefungwa kamba lisipotee. Baada ya muhula mmoja lilikuwa limejaa majibu ya kutosha kwamba mgeni akija anafungua tu. Watu wa mwaka wa kwanza walilirithi kwa waliotangulia. Sijui kama ninamkumbuka Jaffar vizuri kama ninavyolikumbuka daftari lile, lilikuwa na jalada la bluu na jedwali la kuzidisha nyuma.

Kwa hiyo mimi naongeza kitu kwenye hoja yako. Gemu la zamani halikukupa majibu ndani yake. Ulibidi uwe na watu.

nyali_95

Salamu kutoka Mombasa. Mimi kompyuta sikuwa nayo, nilikulia na zile TV game za kuchomeka kwa televisheni, zenye kaseti ya njano iliyoandikwa magemu elfu kumi na kitu, kumbe ni yaleyale ishirini yanajirudia. Sisi letu lilikuwa Contra, la Konami. Mlicheza wawili, mmoja bluu, mwengine mwekundu, risasi moja ikikupata umekwenda. Roho tatu.

Ile siri ya roho thelathini, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, tuliijua kabla hatujajua kusoma Kiingereza. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ilianzia gemu jengine, Gradius, lilipohamishiwa kwa mashine za nyumbani mwaka 1986. Mtengenezaji, Kazuhisa Hashimoto, aliliona gumu mno kulijaribu akajiwekea njia ya mkato, na ikabaki ndani.

Sasa nataka niwaambie kuhusu hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji. Huko mnapanda kwenda juu. Kioo kinamfuata aliye juu zaidi, na aliye chini akiachwa kioo kinammeza, anakufa. Ndugu yangu alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa wa taratibu. Tulipigana ngumi kwa sababu ya maporomoko yale, mamangu akazima TV, tukakaa wiki nzima. Tuliporudi, tulikuwa tumepatana: anaruka yeye, anasimama, anasema "njoo", naruka mimi. Tulimaliza gemu namna hiyo. Sasa yuko Doha miaka tisa, na tukizungumza kwa simu, mmoja akiwa na jambo la kumngoja mwenziwe, anasema "njoo". Hilo neno limetoka kwa Contra.

Sasa hivi magemu ya kucheza wengi ni ya mtandaoni, kila mtu chumbani mwake. Ni mazuri, sikatai. Lakini hakuna anayekuona umesimama ukimngoja.

Ukweli_Mchungu

Nasoma kwa makini na naheshimu kumbukumbu za kila mtu, ila naomba nipinge.

Kwanza, mnachokipenda ni utoto wenu. Baba alikuwa hai, ndugu alikuwa nyumbani, mama alikuwa anazima TV. Gemu lolote lililokuwapo wakati huo lingekuwa tamu.

Pili, mnakumbuka mazuri tu. Mabovu yalikuwa mengi kuliko mazuri. Mwaka 1982 Atari walitoa gemu la E.T., mtengenezaji wake alipewa wiki tano tu kulikamilisha, na lilikuwa baya kiasi kwamba kaseti zilizododa zilizikwa jalalani Alamogordo, New Mexico, pamoja na za magemu mengine. Mwaka 2014 walikwenda kuchimba wakazikuta. Uhaba wa mashine ulikuwa uleule, mbona haukuzaa utamu?

Tatu, ule ugumu mnaousifu ulikuwa biashara. Magemu mengi yalianzia kwenye mashine za sarafu madukani. Mashine inataka ufe ndani ya dakika tatu ili uweke sarafu nyingine. Wakayahamishia nyumbani na ugumu wake. Hiyo siyo sanaa, ni njia ya kukusanya fedha.

Pwani386

Mkuu, hoja yako ya pili umenishinda nusu. Ni kweli uhaba peke yake hauzai kitu, la sivyo kila aliyekosa angekuwa fundi. Nirekebishe: uhaba ukimkuta mtu mwenye muda na anayejali. Mechner alilikalia Prince miaka minne. Yule wa E.T. alipewa wiki tano. Hiyo ni tofauti ya muda, na wala simlaumu yeye.

La sarafu pia nakubali, ila halihusu gemu hili, maana halikuwahi kuanzia kwenye sarafu. Ugumu wake ulikuwa wa saa.

La utoto ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu siwezi kujitoa utotoni nikajipima. Dawa yake ni moja. Apatikane mtu ambaye hana kumbukumbu yoyote na gemu hili, akae nalo, atuambie. Kama atalitupa siku ya kwanza, nitakubali kwamba nilikuwa namlilia baba.

chipukizi_05

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 20, nipo chuo Dodoma. Nimezoea magemu ya simu na mpira wa PlayStation kibandani. Hili sijawahi kuliona. Nipo tayari kujaribu ila laptop yangu ni dhaifu, RAM GB 4. Naingiaje?

fundi_mkuu_wa_mtaa

Marahaba kijana. Laptop yako ina nguvu za kutosha kuendesha mamia ya mashine za wakati ule kwa pamoja, usiwe na shaka.

Njia ziko kadhaa. Ipo DOSBox, programu ya bure iliyopo tangu 2002, inaigiza kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta yako. Ukiweka gemu linadhani liko 1990. Ipo Internet Archive, ambao Januari 2015 waliweka maelfu ya magemu ya DOS yanayochezeka ndani ya kivinjari, huhitaji kusakinisha chochote, ila intaneti ikiyumba unakatika. Na kwa hili la Prince ipo SDLPoP, ambapo watu wameliandika upya gemu la DOS liendeshwe moja kwa moja kwenye Windows na Linux za leo. Nakushauri hiyo. Na usifungue video za kukuonyesha njia.

Jambo ambalo mleta uzi hajaligusa: programu asilia ya Apple II ilidhaniwa imepotea. Mwaka 2012 baba yake Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa gemu, alikuta flopi zake kwenye boksi nyumbani. Wataalamu wakazisoma bila kuziharibu, na Mechner akaiweka programu yote hadharani. Nilipoona umeanza uzi kwa flopi za baba yako nilisimama kidogo.

Sasa hoja ya fundi. Mnasema sheria chache, nami nakubali, ila naongeza: sheria zinazoonekana. Chukua Pac-Man, gemu la mdomo unaokula vidonge njiani, 1980, la Toru Iwatani. Mizimwi minne inakufukuza. Mtoto anadhani wanatembea ovyo. Hawatembei ovyo. Mwekundu anakufuata ulipo. Wa waridi analenga mbele ya uelekeo wako, anakukata njia. Wa buluu anapiga hesabu kwa kuangalia wewe na mwekundu mlipo. Wa chungwa anakufuata mpaka akikukaribia, kisha anageuka kwenda kona yake. Ni sheria nne fupi, mtu anaweza kuziandika kwenye kiganja, lakini wakikutana njia panda unaona kama wamekula njama. Ukicheza miezi unaanza kumjua kila mmoja kama unavyowajua majirani. Mtu anayecheza hivyo amekwisha kuielewa programu bila kusoma hata mstari wake mmoja.

Au Space Invaders ya 1978. Wale wavamizi wanaongeza kasi kadiri unavyowaua. Hakuna aliyepanga hivyo mwanzoni. Mashine ilikuwa dhaifu, kuchora wavamizi wengi kuliichelewesha, wakipungua inapumua na kukimbia. Tomohiro Nishikado aliliona hilo akaliacha, na ndilo linalokaza moyo wako pale anapobaki mmoja. Udhaifu wa mashine ukawa mapigo ya gemu. Hapo mleta uzi uko sahihi.

BintiMakorora

Nimesoma yote. Naomba kusema la kwangu, ni refu kidogo.

Kwetu kompyuta ilikuwapo lakini ilikuwa ya kaka zangu. Nilikuwa nasimama mlangoni. Prince nimemwona mara nyingi sana na sijawahi kumshika. Nilipogusa kompyuta kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19, chuo cha uhazili, na mwalimu alitufungulia karata, Solitaire. Wengi wanaidharau. Iliwekwa ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, na mikono isiyojua mausi iliijua kwa kuburuta karata. Mimi mkono wangu ulikuwa unatetemeka, mshale unakimbia kioo kizima. Baada ya wiki mbili za karata nilikuwa naburuta faili bila kufikiri. Hakuna aliyetuambia tunafundishwa.

Kisha nikakutana na Tetris, gemu la kupanga vipande vinavyoanguka vijaze mistari. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, alikuwa mtafiti kwenye kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, na mashine yake, Electronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora. Vipande alivifanya kwa mabano ya kibodi. Maumbo saba, kila moja miraba minne. Ni hayo tu mpaka leo.

Nawaambia kwa nini mimi naipenda, na haihusiani na utoto, nilikuwa mtu mzima na nilikuwa na shida zangu. Nilikuwa narudi kutoka kwenye kazi niliyokuwa nasemwa kila siku kwa makosa ambayo sikuoneshwa. Nikikaa kwenye Tetris, kosa langu liko mbele yangu. Shimo ni lile pale, nimeliacha mimi, nalijua lilivyotokea. Naweza kulifukia nikivumilia. Na nikimaliza mstari, unafutika. Kazi niliyoifanya vizuri haibaki kunisifu, inapisha nyingine. Nilikuwa nacheza nusu saa, nalala nimetulia.

Halafu haina mwisho wa ushindi. Kwa miaka mingi hakuna binadamu aliyelifikisha toleo la Nintendo mahali programu yenyewe inapokwama. Mwishoni mwa 2023 kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma alifika hatua ya 157, likaganda. Gemu la zaidi ya miaka thelathini, na bado lilikuwa na mlango ambao hakuna mtu aliyeufungua.

Kaka Ukweli_Mchungu, mimi nilianza ukubwani. Utoto wangu nilikuwa mlangoni.

Ukweli_Mchungu

Dada, nimekusoma mara mbili. Hoja yangu ya kwanza naishusha mpaka kijana wa Dodoma arudi.

Kete64

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja. Gemu za kompyuta sizijui sana, ila nimeuona uzi huu kwa mwanangu na kuna jambo nimelitambua ndani yake.

Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Mwanzo kila mmoja ana kete kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo kuu, na 22 mkononi. Unanamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja. Mtoto wa miaka saba anafundishwa sheria mchana mmoja. Na wako wazee ambao nimewatazama barazani miaka arubaini na bado sijui watakwenda wapi. Hakuna kilichofichwa. Kete zako nnaziona, zangu unaziona. Ukifungwa huna wa kumlaumu, hakuna bahati ndani yake wala dado.

Dada aliyesema kosa lake liko mbele yake, bao ni hivyo hivyo. Na aliyesema kuhusu daftari la chuoni, baraza ndiyo daftari letu. Anayecheza ni wawili, wanaojifunza ni waliosimama. Hizo gemu mnazozisema naona zimeshika njia ya mambo ya kale kuliko kompyuta.

mzee_wa_flopi

Mzee Kete64, umenifungulia jambo. Tulipokuwa sita nyuma ya kiti cha anayecheza, kila mtu anapiga kelele "ruka! subiri! ruka!", ilikuwa baraza kabisa.

chipukizi_05

Ripoti ya kwanza, siku ya tatu.

Nimeichukia siku ya kwanza. Nabonyeza, hafanyi. Nabonyeza tena, anafanya mawili, anaanguka. Nikadhani kibodi mbovu. Nimekufa pale kwenye sakafu inayotikisika sijui mara ngapi. Upanga wenyewe nilichukua karibu saa nzima kuupata, na kumbe nilishapita karibu nao.

Siku ya pili nikagundua kwamba nilikuwa nabonyeza kwa kuchelewa. Yule jamaa anatakiwa kuambiwa mapema. Ukitaka aruke ukingoni, unamwambia kabla hajafika. Kuanzia hapo mambo yamebadilika. Leo nimemaliza hatua ya pili na nimefika kwa mifupa inayopigana kwa upanga. Nimeichoma upanga mpaka nimechoka, haifi.

Pwani386

Usimwambie mtu akusaidie. Ukiwa umeshika upanga, tazama mnaposimama, utazame na nyuma yake.

chipukizi_05

Imeanguka shimoni! Nilikuwa nairudisha nyuma hatua kwa hatua bila kujua. Nimepiga kelele, mwenzangu wa chumba kaamka. Sasa yuko hapa pembeni yangu, anasema "ruka".

nyali_95

Karibuni sana wote wawili.

chipukizi_05

Ripoti, wiki ya pili. Nina swali na naomba msinijibu yote.

Hatua ya nne nimefungua mlango wa kutokea, narudi njia niliyokuja, nakuta kioo kikubwa kimesimama katikati ya njia. Hakikuwapo. Hakuna pa kupita. Nikarudi nyuma, nikakimbia, nikaruka nikakivunja. Nikatua upande huu nimebakiwa na afya kidogo kabisa, na kuna mtu kama mimi akakimbilia upande wa pili. Tulikaa kimya mimi na mwenzangu.

Hatua ya tano kuna chupa kubwa niliihitaji. Nimefungua lango, yule mtu katokea, kainywa mbele yangu, kaondoka. Hatua ya sita nimeruka nidandie, yeye amekanyaga kitufe mlango ukafungwa, nikaanguka mpaka chini. Hajanipiga. Ananikosesha tu. Namchukia kuliko walinzi wote.

Ndiye yule aliyetengenezwa kwa picha zangu mwenyewe?

fundi_mkuu_wa_mtaa

Ndiye.

Ukweli_Mchungu

Kijana, jibu kwa ukweli. Unaendelea kwa sababu sisi tunakusoma, au kwa sababu ya gemu?

chipukizi_05

Kaka, nilianza kwa sababu yenu. Jana umeme ulikatika nikakaa gizani napiga hatua kichwani: hatua mbili, nyata, ruka, dandia. Sikuwa nawafikiria nyinyi.

Na kuna kitu kingine. Magemu ya simu yangu yananiita. Yanatuma ujumbe, yanasema zawadi yako inakungoja, nguvu zimejaa, rudi. Nikikosa fedha kuna mahali sipiti. Hili halijawahi kuniita. Lipo tu. Hata hatua ya nane nilipofungiwa nyuma ya lango nikasema basi, nimekwama kabisa, akaja panya. Panya mdogo mweupe, akakanyaga kitufe, lango likafunguka, akaondoka. Binti ndiye aliyemtuma. Sikununua panya.

BintiMakorora

Hapo kwenye panya kaka zangu wote walikuwa wakikaa kimya. Nilikuwa naona migongo yao tu.

Nimelipakua jana. Nimefika kwenye upanga.

Pwani386

Dada, hongera. Nyata unapokaribia miiba.

Ukweli_Mchungu, naona umenyamaza. Mimi nawe tunaweza kukutana katikati. Utoto upo ndani yake, nisingeweza kuliwasha bila kuona mwandiko wa baba. Lakini kijana hakumjua baba yangu.

Ukweli_Mchungu

Sijanyamaza. Na mimi nipo hatua ya pili.

chipukizi_05

Ripoti. Leo saa tano usiku.

Nimefika juu mnarani, hatua ya 12, zimebaki dakika saba. Katokea yeye. Kachomoa upanga, nami nikachomoa. Nikampiga, afya yangu ikapungua. Nikadhani kanirudishia. Nikampiga tena, ikapungua tena. Nimekufa. Nikarudi nikapigana vizuri zaidi, nimekufa upesi zaidi. Zikabaki dakika tano. Mwenzangu akasema mkimbie, sehemu ya kukimbilia haipo. Zikabaki nne.

Nikasimama nisifanye kitu. Naye akasimama. Nikisogea anasogea. Tukawa tunatazamana, upanga kwa upanga, na saa inakwenda. Mwenzangu akasema, "Mbona hakupigi?"

Nikarudisha upanga alani. Naye akarudisha wake. Nikamkimbilia.